Mlango wa gereji wa kusukuma umekuwa mzito? Anza na reli, rola baadae

Mlango wa gereji wa kusukuma pembeni, ule wa zamani, ukianza kuwa mzito watu wengi wanakimbilia mambo mawili, la kwanza kumwaga oili kila sehemu inayopiga kelele na la pili kununua rola mpya. La kwanza linaharibu kabisa, na la pili mara nyingi ni hela ya kutupa maana unakuta rola ni nzima ila reli imelala upande mmoja au braketi (vyuma vinavyoshika reli ukutani) zimeachia ukuta, sasa hata ufunge rola ya bei gani itakwama palepale ilipokuwa inakwama ile ya zamani. Mimi huwa naenda toka juu kushuka chini: ukuta na linta (boriti ya juu ya uwazi wa mlango), reli, rola, mlango wenyewe, mwisho kiongozi cha chini. Sababu ni kwamba kila kitu hapo kinaning'inia kwenye kile kilicho juu yake, ukianza na cha chini utakirekebisha leo alafu kesho ukinyoosha cha juu unajikuta unarudia kazi.

Nazungumzia zaidi mlango unaoning'inia, yani uzito wote uko kwenye reli ya juu na chini kuna kitu kidogo tu cha kuuzuia usiyumbe (ndo kiongozi cha chini). Kuna ule mwingine uzito wake unakaa kwenye magurudumu ya chini yanayokimbia juu ya chuma kilichochimbiwa sakafuni, huo nitaugusa mbeleni. Kama hujui wako ni upi chungulia pale juu, ukiona bolti nene zinashuka kutoka kwenye reli na kushika sehemu ya juu ya mlango, basi unaning'inia. Na nikisema rola namaanisha kile kidude kizima chenye magurudumu mawili au manne pamoja na bolti yake, sio gurudumu peke yake.

Kabla hujashika spana

Usifungue kitu bado. Chukua chaki, sukuma mlango polepole toka mwanzo mpaka mwisho, na kila unapokwama au kugonga weka alama kwenye reli au ukutani sawasawa na ilipo rola (sio ilipo kona ya mlango). Rudia mara kadhaa alafu angalia alama zako zinasema nini. Kama rola ya kwanza inakwama sehemu fulani na rola ya pili nayo ikifika palepale inakwama, tatizo liko kwenye reli, hapo hakuna ubishi. Kama kugonga kunajirudia kwa umbali ulio sawa safari nzima, basi ni gurudumu lina bapa au limepasuka, na unaweza kupima hata bila kulitoa: gurudumu la kipenyo cha milimita 60 linazunguka mara moja kila sentimita 19 hivi (kipenyo mara 3.14), ukiona gonga zako ziko umbali huo huo umeshamkamata mwizi. Mlango ukiwa mzito sawasawa safari nzima ni beringi zimekufa, au mlango umeshuka unaburuta chini, angalia sakafuni kama kuna mchubuko mpya. Na ukiuacha katikati ukaondoka wenyewe taratibu, reli haiko levo.

Kuna ile hali ya mlango kuinama, kona moja iko chini kuliko nyingine. Hapa watu wanachanganya sana vitu viwili. Pima kutoka kwenye reli mpaka juu ya mlango, upande wa kushoto na wa kulia. Vikitofautiana, bolti ya rola moja imelegea au imepinda. Vikiwa sawa lakini mlango bado unaonekana umelala, pima kona kwa kona, yani mshazari mmoja na ule mwingine, kwenye mlango uliokaa vizuri zinatakiwa kulingana, zikipishana zaidi ya sentimita moja hivi mlango wenyewe ndo umepoteza pembe na hata ukikaza bolti zote dunia nzima hautanyooka.

Uzito, na hapa usiwe na haraka

Kadiria uzito kabla ya kugusa bolti yoyote. Mlango wa upana wa mita 2.4 na urefu wa mita 2.1 ni kama mita za mraba 5. Ukiwa wa mbao laini unene wa milimita 40 unafika kilo 100 hivi, ukiwa wa mbao ngumu unakwenda 150 na ukiwa umelowa unazidi hapo. Wa chuma hesabu yake ni rahisi zaidi, bati la milimita 1 lina kilo 7.85 kila mita ya mraba, la milimita 1.5 karibu kilo 12, kwa hiyo bati peke yake ni kilo 60 bado hujaweka fremu, fremu na mikingamo yake ikiingia unakaribia 90. Hicho sio kitu cha kushika mtu mmoja juu ya ngazi. Mlango wa hivi hauanguki kwa onyo, unachomoka mwisho wa reli kwa sababu stopa (kizuizi cha mwisho wa reli) ilishang'oka zamani na hakuna aliyejali, alafu unalala na mtu chini yake.

Kwa hiyo muwe watu wawili au watatu, watoto wasiwepo kabisa eneo hilo, na kama mlango una mota zima umeme kwenye swichi kuu, sio kwenye rimoti. Ingiza kabari za mbao chini ya mlango karibu na kila kona mpaka uzito uanze kukaa juu ya kabari, kisha funga mlango na kamba nene kwenye kitu imara ukutani ili usilale mbele wala nyuma. Na jambo zuri ambalo wengi hawalijui ni kwamba kwa reli ya boksi, ile iliyofungwa juu na pembeni na ina mdomo chini, mara nyingi huna haja ya kuushusha mlango kabisa. Ukishauweka kwenye kabari na kuufunga, unafungua nati za bolti ya rola, unatoa stopa ya mwisho wa reli na rola zinatoka zenyewe kwa pembeni. Mlango unabaki umesimama pale pale. Kuulaza ni pale tu mbao yenyewe inapohitaji kazi.

Nati za zamani zitakugomea, hilo lijue. Piga brashi ya waya meno yaliyo wazi, weka mafuta ya kulegeza kutu, acha usiku mzima, asubuhi weka tena. Ukianza kufungua jaribu kwanza KUKAZA kidogo sana, ukisikia imepasua kutu ndo urudi kufungua, ukikutana na ugumu rudi nyuma nusu mzunguko alafu endelea, ukilazimisha moja kwa moja unakata bolti. Na kama ni mlango wa mbao usiende na moto wa gesi hapo juu kwenye mavumbi ya miaka yote hiyo, heri ukate nati kwa grenda na hata grenda nayo weka ndoo ya maji karibu.

Ukuta, linta na reli

Sasa panda juu na bisibisi tu. Kama linta yako ni ya mbao, chomachoma kwa ncha kila palipo na braketi. Mbao nzima inagoma, iliyooza inaingia kama mkate. Ukikuta imeoza pale pale panaposhika reli, simama, kazi yako imebadilika, hiyo mbao inabadilishwa, usijaze gundi wala usihamishe skrubu sentimita mbili pembeni ukajidanganya. Kama ni zege, shika braketi kwa mkono na uitikise, yenye kucheza ina bolti iliyolegea ndani ya tundu lake. Tundu likishatanuka halirudi, na ile tabia ya kushindilia vijiti na vipande vya waya ndani ya tundu iachwe kabisa kwa mzigo wa namna hii. Toboa tundu jipya pembeni, mbali na la zamani na mbali na ukingo wa zege maana bolti ya kutanuka ikiwa karibu na ukingo inapasua kipande chote. Safisha vumbi ndani ya tundu kabla ya kuingiza, vumbi likibaki bolti haishiki vizuri hata uikaze vipi. Kwenye mbao, pale inapowezekana, mimi napendelea bolti inayopita mpaka upande wa pili na washa pana kuliko skrubu, hata ikiwa ndefu.

Umbali kati ya braketi: kwa mlango mzito kila sentimita 60 ni salama, ukikuta za zamani zimekaa mita moja na zaidi na reli imetengeneza tumbo katikati, ongeza braketi. Na kama reli ni vipande viwili vimeungana basi kwenye muungano LAZIMA kuwe na braketi inayoshika pande zote mbili, milango mingi inayogonga katikati ni kwa sababu hiyo tu, vipande vimepishana milimita moja au mbili. Pitisha kidole ndani, utaisikia ngazi. Linganisha, kaza, alafu malizia na tupa mpaka kidole kisisikie kitu.

Levo ya reli usiiamini kwa macho, wala usitumie linta au dari kama kipimo, nyumba za zamani hizo nazo zimeshalala. Pima maji ndefu inatosha kwa reli fupi. Kwa reli ya mita 5 tumia mpira wa maji unaoonyesha ndani, ujaze maji usiwe na hewa katikati, na uweke alama mwanzo na mwisho, kisha vuta uzi kati ya alama hizo mbili na reli yote ifuate uzi. Uzi huo huo utakuonyesha kama reli imepinda kwenda mbele au nyuma pia. Spesa nyembamba za chuma nyuma ya braketi ndo zinarekebisha mbele na nyuma, matundu marefu ya braketi yanarekebisha juu na chini, kama braketi zako hazina matundu marefu basi yafanye marefu kwa tupa ya duara.

Alafu ndani ya reli. Kwanza safisha, toa kila kitu, viota vya nyigu, grisi iliyoganda na mchanga, funga kitambaa kwenye ncha ya fimbo na kilowanishe na mafuta ya taa kidogo upitishe mpaka kitoke kisafi, kisha pitisha kikavu. Sehemu iliyobonyea unaipiga toka ndani, weka kipande cha chuma au mbao ngumu sana kilicho na upana sawasawa na ndani ya reli ndo ugonge, usigonge reli yenyewe na nyundo uchi utaongeza mabonde. Midomo ya chini ikiwa imefunguka (na hii ndo hatari maana hapo ndo rola inadondokea) ibane kwa klampu kidogo kidogo ukiwa umeweka kile kipande ndani kama kipimo, ili usibane kupita kiasi. Lakini ukikuta ufa karibu na braketi, au magurudumu yamechimba mfereji unaousikia kwa ukucha, au kutu imekula mpaka chuma kimekuwa chembamba, badilisha kipande hicho. Hapa kuna fundi atakwambia tuchomelee. Reli nyingi zimepakwa zinki, ukichomelea zinki moshi wake unaleta homa na kutetemeka usiku huo, kwa hiyo kama hamna njia nyingine ikwanguliwe yote kwanza na mfanyie kazi nje penye upepo, na bado joto litapindisha reli. Mimi nanunua kipande.

Kuna milango ya zamani ambayo haina reli ya boksi, ina chuma bapa kimesimama kwa ubavu na gurudumu kubwa lenye mfereji linakimbia juu yake, gurudumu limeshikwa na mkono wa chuma ulioshuka kwenye uso wa mlango. Hiyo ni rahisi zaidi kuirekebisha sababu kila kitu unakiona. Angalia zile spesa kati ya chuma na ukuta, zikilegea chuma kinacheza na gurudumu linapanda. Angalia pia juu ya mlango kuna visahani vidogo vinavyoingia chini ya chuma kuzuia gurudumu lisiruke, mara nyingi vimeshapotea, rudisha.

Rola

Ukiitoa rola izungushe gurudumu moja moja kwa kidole. Linatakiwa kuzunguka kimya na kuendelea kidogo baada ya kuliachia. Likikwaruza, likisimama ghafla au likicheza kushoto kulia, hilo limechoka. Ila kabla hujaitupa angalia lina nini ndani.

Zile za kizamani kabisa, magurudumu ya chuma cha kalibu kwenye pini bila beringi, usizidharau. Chuma chake ni kinene kuliko vingi vinavyouzwa sasa. Toa pini, osha kwa mafuta ya taa au dizeli, kausha, angalia kama pini imelika upande mmoja, ikiwa imelika badilisha pini tu (fundi wa mashine ya kukereza anakutengenezea) na kama tundu la gurudumu nalo limekuwa kubwa anaweza kuweka bushi ya shaba (kibomba kidogo cha kupunguza tundu). Paka grisi, rudisha. Itaendelea kufanya kazi miaka mingi.

Zenye beringi zilizofunikwa huwezi kuzijaza grisi kutoka nje, hivyo usihangaike, soma namba yake. Beringi ikiandikwa 6202 maana yake tundu milimita 15, kipenyo cha nje 35, unene 11. 6201 ni 12 kwa 32 kwa 10, na 6203 ni 17 kwa 40 kwa 12. Namba hizi ni zilezile kwa kampuni yoyote inayotengeneza, na maduka ya vipuri vya pikipiki na mashine huwa wanazo, kwa hiyo badala ya kutafuta rola nzima ambayo pengine haitengenezwi tena unabadilisha beringi tu. Chagua zenye alama 2RS mwishoni, hizo zina mfuniko wa mpira pande zote mbili na vumbi la gereji haliingii kirahisi, zenye ZZ zina mfuniko wa bati, zinafaa pia ila sio sana kwa vumbi. Ukiingiza beringi mpya ndani ya gurudumu sukuma kwenye ringi ya NJE, tumia soketi ya spana yenye kipenyo kinachokaribia, ukigonga ringi ya ndani unaumiza gololi na beringi mpya inaanza kukwaruza siku hiyo hiyo.

Kama lazima ununue rola nzima basi chukua vipimo vifuatavyo na usiende dukani na picha peke yake: upana wa ndani wa reli, kimo cha ndani, upana wa mdomo wa chini, kipenyo na unene wa gurudumu, na bolti. Bolti ina mtego wake. Vifaa vya zamani vingi ni vya inchi, bolti ya nusu inchi ni milimita 12.7 na ya milimita ni 12, kwa macho zinafanana, nati inaingia mizunguko miwili alafu inagoma, mtu anaongeza bomba kwenye spana, meno yote yanaharibika. Na hata nusu inchi zenyewe haziko sawa, za kizamani za Kiingereza zina meno 12 kwa inchi na za Kimarekani 13. Nenda na bolti ya zamani pamoja na nati yake, jaribu kwa mkono pale pale kaunta, ikiingia mpaka mwisho kwa vidole ndo yenyewe.

Badilisha rola zote za mlango mmoja kwa pamoja. Kuhusu uwezo wa kubeba, rola zinaandikwa kilo, na kwa hesabu ya kawaida mlango wa kilo 100 kwenye rola mbili kila moja inabeba 50, lakini mimi nachukua rola ambayo peke yake inaweza kubeba mlango mzima. Rola moja ikikatika au kuchomoka ile nyingine ndo inabaki na mzigo, na tofauti ya bei sio ya kukufanya ulale na wasiwasi.

Mlango wenyewe

Sehemu muhimu kuliko zote ni mbao ya juu pale bolti za rola zinaposhika. Hiyo ikioza hakuna cha epoksi, badilisha mbao au kata kipande na uunge kwa maungio marefu yenye bolti za kupita, na bamba la rola lishikwe na bolti zinazopita mbao nzima zenye washa pana upande wa pili. Skrubu peke yake hapo ni kusubiri tu. Ya chini ikioza ni tatizo dogo, kata mpaka ufike kwenye mbao nzima, weka kipande kipya, na KABLA hujakifunga paka rangi kwenye ncha zilizokatwa maana maji yanaingilia pale, sio kwenye uso.

Kama mishazari ilipishana kule mwanzo, laza mlango au uache umesimama kwenye kabari, na kumbuka hivi: mshazari mrefu unavutwa, mfupi unasukumwa. Yani ukitumia waya wa chuma na ile bolti ya kukaza yenye ndoano pande mbili, unaifunga kwenye mshazari MREFU, ukikaza unaufupisha na pembe zinarudi. Ukitumia mbao ya mkingamo unaiweka kwenye mshazari MFUPI, unaipigilia ikiwa imebana vizuri baada ya kurudisha pembe. Watu wanaweka kinyume alafu wanashangaa. Kaza kidogo kidogo, pima, acha mbao ipumzike, kaza tena, mlango uliolala miaka ukiulazimisha kwa mkupuo unapasua maungio.

Kwa mlango wa chuma kutu inaanzia kwenye bomba la chini kwa sababu maji yanaingia na hayana pa kutokea. Kata palipooza, chomelea kipande, alafu toboa matundu madogo mawili matatu upande wa chini wa bomba maji yatoke. Kisha praima na rangi.

Na kuhusu kupiga msasa: rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Kama hujui umri wa rangi yako ichukulie kuwa inayo, lowanisha unapopiga msasa, vaa barakoa nzuri, usitumie moto kuiondoa, kusanya uchafu wote na nguo za kazi zifuliwe peke yake mbali na za watoto.

Kurudisha na kurekebisha

Rola zinaingia kwenye reli, stopa zinarudi KABLA ya kutoa kabari, hili nalisema kwa herufi kubwa makusudi. Stopa ipite na bolti, isiwe imebanwa tu, iwe na mpira wa kupokea, na iwe sehemu ambayo rola ya kwanza inaikuta kabla haijafika mwisho wa reli. Funga nati za bolti, kisha rekebisha urefu: nafasi ya chini kati ya mlango na sakafu iwe milimita 10 hadi 15, ukiangalia sehemu ya sakafu iliyo juu zaidi katika njia nzima na sio pale mlango ulipo tu. Rekebisha rola moja baada ya nyingine, sukuma mlango mpaka karibu na nguzo ya kufungia na uangalie mwanya kati yao, ukiwa mpana juu kuliko chini pandisha au shusha upande mmoja mpaka ulingane, alafu kaza ile nati ya pili inayofunga ya kwanza. Ile nati ya pili ikisahaulika mlango utashuka wenyewe kwa mtikisiko ndani ya miezi michache.

Kiongozi cha chini kinaenda mwisho kabisa, mlango ukiwa umeshaning'inia na kutulia. Kazi yake ni kuzuia kuyumba tu, hakibebi kitu. Acha nafasi ya milimita 3 mpaka 5 kila upande. Kikae kwenye ukingo wa uwazi upande ambao mlango unaingilia, ili mlango ukiwa wazi au umefungwa kiwe bado kinaushika, ukikiweka katikati ya uwazi utakigonga na gari na mlango ukiwa wazi hakitashika chochote. Kama ni mfereji wa sakafuni uwe na upenyo wa kutoa maji na mchanga.

Sasa toa kabari, mtu mmoja kila upande, sukuma taratibu safari nzima. Mlango wa kilo 100 ukiwa umekaa sawa unasukumwa na mkono mmoja bila kuegemea. Ukiuacha popote ubaki hapohapo.

Kulainisha: ndani ya reli usiweke grisi wala oili ya injini. Vumbi linaganda nayo na baada ya muda una unga wa msasa unaokula magurudumu. Reli inatakiwa safi na kavu, ukitaka sana pitisha unga wa grafaiti au silikoni ya kupuliza inayokauka. Grisi ni ya pini na bushi tu, kidogo. Ile WD-40 ya kawaida ni nzuri kulegeza kutu na kufukuza maji, lakini ukipulizia kwenye beringi inaosha grisi iliyokuwepo na yenyewe haikai.

Ule wa magurudumu ya chini

Hapa unaanzia chini kwenda juu. Reli ya sakafuni ni nondo ya duara au chuma cha pembe kilichogeuzwa, na gurudumu lina mfereji unaolingana nacho, wa U kwa nondo na wa V kwa chuma cha pembe, usichanganye hata kama linaingia, litalika upande mmoja. Adui wa kwanza ni mchanga na maji, wa pili ni reli kuachia zege na kuanza kuinuka, isukume kwa kidole cha mguu tu utaiona inacheza. Chomelea miguu mipya, ichimbie, na kila ulipounga saga mpaka iwe laini. Gurudumu likilika mpaka mfereji umegusa karibu na beringi badilisha mawili yote. Kuinua tumia jeki upande mmoja kwa wakati, mlango ukiwa umefungwa ukutani.

Zile rola za nailoni za juu zinazoubana mlango kushoto na kulia ndo zinauzuia usianguke, maana huu mlango haujashikwa na kitu kingine huko juu. Kazia macho hapo: mkono wa chuma uliozishika usiwe umepinda, bolti zisiwe zimelegea, na mlango ukiwa wazi kabisa au umefungwa kabisa uwe bado uko kati ya rola angalau jozi mbili. Na stopa pande zote mbili, za chuma, zilizochomelewa au kufungwa kwa bolti kwenye kitu kisichotikisika.

Kama una mota, iache imetenganishwa na mlango mpaka usukumaji wa mkono uwe mwepesi, kisha ndo uiunganishe na uipange upya mwisho wake wa kufungua na wa kufunga na nguvu ya kusukuma. Wengi walikuwa wameongeza nguvu ya mota kwa sababu mlango ulikuwa mzito, ukiiacha hivyo hivyo kwenye mlango ambao sasa ni mwepesi utagonga nguzo kwa kasi na ule mfumo wa kurudi nyuma ukikuta mtu au gari hautafanya kazi kwa wakati. Punguza mpaka kiwango cha chini kinachoweza kuupeleka mlango mwisho, alafu jaribu kwa kuweka kipande cha mbao njiani uone kama unarudi.